Mama Mkubwa alisubiri dakika 95: historia ya meza ya Kikorea na meza yetu ya Moshi

 

Leo sina udaku wa msanii wala picha za harusi. Leo nina historia. Najua wengine mkisikia historia mnamkumbuka mwalimu na fimbo yake, lakini hii inaanzia mezani, kwenye sahani ya wali mkavu. Shuka nami taratibu, kuna sehemu utacheka na kuna sehemu utanyamaza kidogo.

Na kama ilivyo kawaida ya hapa, jina kapuni. Sitaji mgahawa, sitaji mtaa, sitaji mwenye nao. Ukidhani umeujua, kaa nao moyoni. Safari hii kuna sababu maalumu ya kuficha jina, nitaisema mwishoni.

KISA CHENYEWE

Nina mama mkubwa, dada yake mama, mzaliwa wa kwanza kwao. Huyu mama amefanya kazi hotelini miaka 27, hoteli ya watalii upande wa Marangu. Alianza kufua mashuka, akapandishwa jikoni, akamalizia mezani kama mhudumu. Miaka yote hiyo amebeba sahani za watu. Yeye mwenyewe chakula chake alikula jikoni, amesimama, sahani ameiweka juu ya ndoo.

Mama mkubwa ni mgonjwa wa tamthilia za Kikorea. Alianza na Jumong kama sisi wote, zile zilizotafsiriwa Kiswahili tukawa tunaazimana DVD mpaka zinakwaruza. Baadaye akakutana na ile ya Jang-geum, binti anayepika jikoni kwa mfalme. Hapo ndo akapotea kabisa. Akawa anasema, "Huyu ni mwenzangu. Angalia anavyokata mboga, angalia anavyopanga vibakuli." Ukimkuta anaangalia, usimwongeleshe.

Sasa mwaka jana akatimiza miaka 60. Watoto tukaulizana, tumpe nini? Dada akasema kitenge. Mimi nikasema, vitenge anavyo kabati zima, tumpeleke akakae mezani, ahudumiwe yeye, ale chakula cha Jang-geum. Binamu wa Dar akatuma hela kwa simu, mimi na dada tukaongezea, ikafika Sh 150,000. Kwa sisi hiyo si hela ndogo.

Tukafika saa saba kamili mchana. Mama mkubwa amevaa gauni la kanisani, kilemba kimesimama, mkoba mkononi. Mlangoni kuna chungu kikubwa kina mmea wa sale, majani yamefutwa yanang'aa. Nikasema hapa tumefika.

Tukakaa. Dakika tano, kumi, ishirini na tano. Hakuna maji, hakuna menyu. Wahudumu wanapita kama vile meza yetu ni ukuta. Wakaingia wazungu sita, viatu vina vumbi la mlima, wameshuka asubuhi hiyo hiyo. Hawajakaa vizuri, wameshaletewa taulo za baridi, maji na menyu. Wakaagiza, wakaletewa, wakala. Sisi ndo kwanza tunaulizwa, "Mnatumia nini?"

Chakula chetu kilikuja saa nane na dakika 35. Hesabu mwenyewe, ni dakika 95.

Na kilipokuja, bora kisingekuja. Tuliagiza bibimbap, ule wali wa mboga nyingi unaotakiwa kuja kwenye bakuli la jiwe lenye moto, wali wa chini unalia na kukauka kama ukoko. Ukaja kwenye sahani bapa, wali umepoa, karoti, yai limeungua pembeni, na juu wamemwagia tomato sosi ya chupa. Nyama ya bulgogi, ambayo hukatwa nyembamba na kulowekwa kwenye viungo, ilikuwa mapande ya kutafuna mpaka taya linauma. Kimchi ilikuwa kabichi mbichi na karoti na siki.

Mama mkubwa akaonja, akaweka uma chini. "Hii ni kachumbari ya chips, baba. Hii naijua."

Bili ikaja. Vile vibakuli vidogo vya pembeni, vinne, kila kimoja kimeandikiwa Sh 5,000.

Nikatamani kuwaka. Dada akanikanyaga chini ya meza. Nikarudi nyumbani nina hasira, na mimi nikiwa na hasira huwa nasoma. Nikasoma usiku kucha na siku zilizofuata. Haya ndiyo niliyoyapata.

JANG-GEUM HAKUONJA PILIPILI

Tuanze na hili, litawashangaza. Jang-geum alikuwepo kweli. Kumbukumbu za mfalme Jungjong, aliyetawala Korea kuanzia 1506 hadi 1544, zinamtaja mwanamke wa jina hilo, mganga aliyemtibu mfalme. Mambo mengine mengi ya kwenye tamthilia yametungwa.

Sasa kama aliishi miaka hiyo, basi kimchi aliyoila haikuwa nyekundu. Pilipili ilikuwa haijafika Korea! Pilipili kwao ni Amerika. Baada ya safari za Columbus, Wareno na wafanyabiashara wengine wakaisambaza duniani. Kitabu kimoja cha Kikorea cha mwaka 1614 kinaitaja kama kitu kilichotokea Japani. Kabla ya hapo watu wa Korea walikuwa wanavundika mboga kwa chumvi na viungo vingine tu. Na hata ilipofika, ilichukua muda mrefu kuingia kwenye kimchi. Ile kimchi nyekundu ya kabichi ndefu tunayoiona kwenye picha ni mtoto wa juzi, imeshika kasi karne ya 19 kuja huku.

Na Wareno hao hao ndio waliopita pwani yetu. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Kwa hiyo pilipili ya kwenye kachumbari yetu na pilipili ya kwenye kimchi ni ndugu wa tumbo moja, mmoja kaolewa Seoul na mwingine kaolewa Mombasa.

Kwa nini wanavundika? Kwa sababu ya baridi. Korea kipindi cha baridi ardhi inaganda, hakuna mboga. Kwa hiyo mwezi wa 11 majirani na ndugu wanakusanyika, wanatia chumvi makabichi kwa mamia, wanapaka viungo, wanajaza mitungi, wanagawana. Kazi hiyo inaitwa kimjang, na mwaka 2013 UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kilichoorodheshwa si kabichi, ni ule mkusanyiko wa watu kutengeneza na kugawana.

Halafu ikaja vita ya 1950 hadi 1953. Nchi ikabaki majivu. Watu wenye njaa karibu na kambi za Wamarekani wakawa wanachukua soseji na nyama za makopo zilizotoka kambini, wanachemsha pamoja na kimchi. Mchuzi ule bado upo mpaka leo, unaitwa budae jjigae, maana yake mchuzi wa kambi ya jeshi. Leo Wakorea wanaukumbatia, wanauza migahawani kwa fahari. Nchi hiyo hiyo iliyokula mabaki ndiyo leo imekopesha hela za Daraja la Tanzanite pale Dar, lililofunguliwa 2022. Maisha yanazunguka.

KAROTI ILINIFUNGA MDOMO

Nilikuwa nimejiandaa kuwacheka hawa wa mgahawa kwa karoti yao. Kimchi ya karoti wapi na wapi? Nikakutana na hadithi nyingine ikanifunga mdomo.

Mwaka 1937 Stalin, yule mtawala wa Urusi ya Kisovieti, aliamuru Wakorea waliokuwa wanaishi mashariki ya mbali ya nchi yake wahamishwe kwa nguvu. Watu kama 170,000 wakapakiwa kwenye mabehewa ya treni, wakamwagwa Kazakhstan na Uzbekistan, maelfu ya kilomita. Wengi walikufa njiani na kwenye baridi ya mwaka ule wa kwanza. Walipofika, kabichi yao hakuna. Wakaangalia kilichopo, wakaona karoti. Wakaikata nyembamba, wakaitia chumvi, siki, kitunguu swaumu, pilipili na korianda. Leo saladi ile ya karoti inauzwa masoko yote ya nchi zile, hata Warusi wanaila, na wengi wanadhani inatoka Korea. Korea kwenyewe ilikuwa haijulikani!

Kwa hiyo karoti siyo kosa. Mtu akihamishwa kwao akatumia alichokikuta, hiyo ni akili na ni heshima ya chakula.

Na sisi wenyewe tuache kujidai. Ndizi, ambayo bila hiyo hakuna mtori, hakuna machalari, hakuna kiburu, hakuna mbege, asili yake ni Asia ya kusini mashariki, ikaja Afrika zamani sana. Mahindi ya Amerika. Kahawa ya Kilimanjaro ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Na mpunga wa Mabogini na Chekereni umenawiri kwenye mradi wa umwagiliaji uliojengwa kwa msaada wa Wajapani miaka ya 80. Ukisema "chakula chetu cha asili", jua asili yenyewe ilipanda meli.

Basi kama karoti siyo kosa na mchele wa Mabogini siyo kosa, kosa liko wapi? Hili swali lilinikalisha siku mbili.

MEZA INA SHERIA

Nikaanza kusoma Wakorea wanavyokula. Nikacheka mwenyewe, maana nilikuwa najisomea ukoo wangu.

Kwao mkubwa ndiye anayenyanyua kijiko kwanza. Mpaka mzee ameanza, mtoto mkono chini. Ukipokea kinywaji kutoka kwa mkubwa, unapokea kwa mikono miwili. Hujimiminii, unammiminia mwenzako na yeye anakumiminia. Vile vibakuli vidogo vya pembeni, vinaitwa banchan, vinawekwa katikati kwa ajili ya wote, na mgahawani kwao havilipiwi. Vikiisha, unaongezewa bure. Yaani sisi tulilipishwa Sh 20,000 kwa kitu ambacho kwao ni salamu tu ya kukukaribisha!

Na kitu kingine: Korea hakuna tipu. Mhudumu hategemei uache chochote mezani. Hili likumbuke, tutalirudia.

Sasa njoo kwetu. Mbege inaiva, ndizi na ulezi, imetiwa msesewe ikapata ule uchungu wake. Mwenye nyumba anaonja kwanza, mgeni aone haina baya. Halafu kata inakwenda kwa mkubwa. Huwezi wewe wa 1999 ukaidaka kata wazee wamekaa. Desemba tukipanda Kibosho, mbuzi akichinjwa, nyama haigawiwi kiholela. Kila mtu ana kipande chake kutokana na nafasi yake kwenye ukoo, na ukikosea kugawa unaweza kuanzisha ugomvi wa miaka kumi. Unapokea kwa mikono miwili, unasema "aika". Mama aliyejifungua, mtori wa kwanza ni wake, hata kama nyumba ina njaa.

Unaona? Mlima wao na mlima wetu, mbali kama mbingu na ardhi, sheria ni moja. Chakula kinatangaza nani ni mkubwa hapa na nani ni mgeni hapa. Ladha inakuja baadaye.

Mgahawa ule ulichukua picha za Kikorea, taa za Kikorea, majina ya Kikorea. Sheria ya meza wakaiacha, ya kwao na ya kwetu. Mama wa miaka 60 akakaa dakika 95, vijana wenye vumbi wakala kwanza. Hata Jang-geum angelia.

SASA HII TABIA TULIITOA WAPI?

Hapa ndipo historia ya Moshi inapoingia, na hapa naomba tusikasirikiane.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na mwenzake Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo. Vitabu vimeandika hao wawili. Kumbuka walikuwa na wapagazi, waongozaji na wapishi, watu waliobeba mizigo na kuchemsha chakula chini huko, na wengi wao majina hayakuandikwa. Marangu wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa mmojawapo. Tangu siku ile, mlima wetu umekuwa na watu wanaopanda na watu wanaobeba.

Reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911. Wageni wakaongezeka. Hoteli kongwe za Marangu zikaanza kupokea wapanda mlima tangu enzi za ukoloni. Babu zetu na bibi zetu wakajifunza kutandika kitanda cha mgeni, kuchemsha yai la mgeni, kusema "yes sir" kwa mgeni. Na kwenye hoteli hizo za enzi zile, Mwafrika alikuwa upande wa jikoni. Hakuwa upande wa meza.

Kahawa nayo ni hivyo hivyo. Wazee wetu walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, mwaka 1933 ikaja KNCU, wakajenga shule, wakasomesha watoto. Ni fahari yetu. Lakini nenda nyumba nyingi za wakulima huku juu, uliza wanakunywa nini asubuhi. Chai! Kahawa nzuri inakwenda mnadani, inakwenda meza ya mtu mwingine. Tumezoea kwamba kitu kizuri ni cha mgeni wa mbali.

Halafu angalia mlimani leo. Mpishi wa mlimani anapika supu ya moto kwenye hema huku upepo unapuliza, anapeleka bisi na chai kwa mgeni. Mpagazi anakula baadaye. Na kipato cha wengi kinategemea bahasha ya tipu siku ya mwisho pale getini. Mgeni akifurahi, watoto wanakwenda shule. Mgeni akinuna, mnanuna wote. Moshi kuna mpaka asasi, KPAP, inayopigania wapagazi walipwe na kulishwa vizuri. Isingehitajika kama mambo yangekuwa sawa.

Sasa mtu aliyekulia kwenye mfumo huo, macho yake yanajifunza yenyewe. Anaona ngozi, anaona viatu, anajua bahasha iko wapi. Miguu inakwenda huko kabla akili haijaamua.

KIJANA ALISEMA UKWELI

Sasa niwarudishe siku ile mgahawani, kuna kipande nilikiruka makusudi.

Bili ilipokuja, mama mkubwa alimwita yule mhudumu. Kijana wa rika langu, shati jeupe limechakaa kwenye kola. Nilidhani atamsema.

"Shikamoo mama," kijana akasema, macho chini.

"Marahaba mwanangu. Umekula leo?"

Kijana akashtuka. Akasema bado.

"Unakula saa ngapi?"

"Tukifunga, mama. Kikibaki."

Mama mkubwa akatikisa kichwa taratibu. Akamuuliza, kwa nini wale walitangulia na wao walikuta watu mezani? Kijana akaangalia nyuma kama meneja yupo, akashusha sauti.

"Mama nisamehe. Tumeambiwa wazungu kwanza. Na mimi mshahara wa mwezi uliopita sijapata. Wale ndo wanaacha chochote kitu. Sikuwadharau, mama, naapa."

Mimi hasira ikanipungua nusu, ikahamia kwa bosi wake. Meneja akaja, ametabasamu, akatupa punguzo la asilimia 10. Mama mkubwa akalikataa. Akalipa bili kamili, akaweka Sh 5,000 kwenye mkono wa kijana, kwa mikono miwili, kama vile kijana ndiye mkubwa.

Tukatoka. Pale mlangoni akasimama kwenye kile chungu cha sale. Kwa wasio wa huku: sale ni jani la mpaka wa kihamba, na ni jani la msamaha. Ukimkosea mtu Uchaggani, unampelekea sale. Mtu akikuletea sale, kukataa ni jambo zito sana.

Mama mkubwa akalishika jani. Nikadhani atasema, "Jani wanalo, kazi yake hawaijui." Mimi ndo nilikuwa nimeshaiandaa hiyo sentensi kwa ajili yenu.

Hakusema hivyo. Kwenye gari akakaa kimya mpaka Kiboriloni. Halafu akaanza.

Miaka ya 90 mwanzoni, yeye akiwa mezani kule hotelini, alikuja mzee mmoja wa Kilema. Alikuwa ameuza kahawa, amevaa koti na kofia, amekuja na mke wake. Wanataka kula pale siku moja tu katika maisha yao, na hela wanayo mkononi. Siku hiyo kulikuwa na kundi la wageni kutoka Ulaya. Amri ilikuwa ile ile, wageni kwanza. Mama mkubwa akawapita wale wazee. Akawapita tena. Akawapita mara ya tatu, na anasema mara ya tatu alikuwa hajabeba kitu, aliwapita kwa kuona aibu tu. Mzee akakaa zaidi ya saa nzima. Akasimama, akamshika mke wake mkono, akamwangalia mama mkubwa akasema, "Aika, mwanangu." Wakaondoka na njaa yao.

"Leo nimekaa kwenye kiti cha yule mzee," mama mkubwa akasema. "Yule kijana hana kosa geni. Ni mimi yule."

Dada alikuwa analia nyuma. Mimi nikajifanya naangalia barabara.

KILEMA

Wiki mbili baadaye akanipigia. "Baba, Jumapili unipeleke Kilema." Alikuwa ameulizia kwa watu wa kanisani mpaka akaijua nyumba. Mzee alishafariki, na mke wake pia. Yuko mtoto wao, naye mtu mzima mwenye mvi.

Mama mkubwa alikuwa amekata sale kihambani kwake mwenyewe. Akaeleza kisa chote, amesimama uani, hakuficha kitu. Yule baba akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema hiyo habari anaijua. Baba yake aliisimulia mara nyingi, na kila akiisimulia alikuwa anacheka, lakini hotelini hakurudi tena mpaka anakufa.

Akalipokea jani kwa mikono miwili.

Halafu akaingia ndani, akatoka na kata ya mbege. Akaonja kwanza. Mimi niko pale, mwenye nyumba mwenyewe yuko pale, na jirani mmoja mzee kuliko wote. Yule mzee akaoneshea kwa kidevu, apewe mama kwanza. Kata ikaenda kwa mama mkubwa. Akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Hii imeiva."

Nikajua siku yake ya kuzaliwa imefanyika siku ile.

KWA NINI SIKUTAJA JINA

Nilimwambia nataka kuandika na nataka kuutaja mgahawa, watu wasiende kutapeliwa. Akanijibu, "Ukiwataja wale, nitaje na mimi na ile hoteli, na miaka yangu 27." Nikaona basi, jina kapuni kwa wote.

Lakini wenye migahawa, Moshi yote, mkisoma hapa naomba mnisikilize kidogo kama mdogo wenu.

Moja, karoti si tatizo. Tumia kabichi ya Kiboriloni, tumia mchele wa Mabogini, lakini vundika kimchi siku zake, usimwage siki ukaita kimchi. Subira ndiyo kiungo cha kwanza.

Mbili, lipa vijana mshahara kwa wakati. Mhudumu anayelipwa ataona meza zote. Asiyelipwa ataona bahasha tu. Sevisi mbovu mara nyingi inaanzia ofisini, jikoni inafika imechelewa.

Tatu, anayetangulia kuingia atangulie kuhudumiwa, na akiwa mzee apewe maji kabla hajaomba. Hii hatukujifunza Korea. Tulikuwa nayo, ipo kwenye kata ya mbege.

Na sisi wateja, mhudumu akichelewa, kabla hujamtukana muulize kama amekula.

Nami nauliza wadau: wewe umewahi kupitwa mezani hapa kwetu? Au, sema ukweli, umewahi kumpita mtu? Shusha maoni yako hapo chini, ila majina acha kapuni.